Babu wa Buti Moja kwenye Ukuta wa Boma

Utotoni niliamini kwamba boma la zamani lina mlango mmoja tu, ule wa nyuma, unaopita kati ya tangi la maji na choo. Kila mama aliponichukua kwenda huko, iwe kufuatilia cheti changu cha kuzaliwa au kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba, tulizunguka jengo zima kwenye matope na kuingia kwa nyuma kama watu waliokuja kuuza mayai jikoni. Mlango wa mbele una ngazi pana za mawe na nguzo mbili nene, ambazo nadhani Wazungu walizijenga ili mtu ajione mdogo kabla hajafungua mdomo kusema shida yake. Nilikuja kuupita nikiwa darasa la tano, siku niliyotumwa na mwalimu kupeleka bahasha. Siku hiyo ndipo nilipomwona babu yangu.

Alikuwa amelala.

Ukuta mzima unaotazamana na mlango ulikuwa umechorwa. Mchoro huo uliwekwa miaka ya mwanzo baada ya Uhuru, jengo lilipobadilisha wenyewe na picha ya mfalme wao ikashushwa, na fundi mmoja wa huku kwetu akaombwa awachore wananchi wakijenga taifa. Akawachora kweli. Kina mama wanachuma kahawa, wanaume wanalima kwa mstari, mwalimu yuko ubaoni, mkokoteni wa ng'ombe umejaa mahindi, na kila mtu meno nje, utadhani wote wameambiwa leo kuna nyama. Isipokuwa mmoja. Chini kabisa, pembeni kulia, kuna mwanamume amelala chali chini ya mti wa kahawa, mdomo wazi, mpini wa jembe ndio mto wake, na ubavuni pana kibuyu. Mguu wa kulia amevaa buti la mvua. Wa kushoto uko peku.

Kule Ihanda, kijijini kwetu, hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Baba yake mama alikuwa na kidonda cha zamani mguu wa kushoto, buti halikuweza kuingia, kwa hiyo alivaa moja tu, masika na kiangazi, shambani na kanisani. Mwenye macho haambiwi tazama. Mchoro ulipokamilika watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kumcheka, na yeye mwenyewe, wanasema, alikuja akacheka kuliko wote. Lakini haukupita msimu mmoja wa kahawa akafariki. Mama alikuwa ameanza shule juzijuzi tu, na mdogo wake, mjomba wangu, alikuwa bado ananyonya.

Basi mama alikua na maneno yale. Akichelewa namba shuleni, watoto wenzake walimwambia nenda kamwamshe baba yako. Akipita njia ya boma na kuni kichwani, watu wazima wenye ndevu zao walimwuliza kama mzee bado hajaamka. Walisema kwa kucheka, na mimi sisemi walikuwa wabaya. Ila mzaha unaokwenda upande mmoja tu miaka yote hauwi mzaha tena, unakuwa kokoto ndani ya kiatu. Mama hakuwahi kugombana na mtu. Alichofanya ni kuacha mlango wa mbele. Na wakati mwingine, katikati ya kusonga ugali, bila mtu kumwuliza chochote, alikuwa anasema: "Baba yangu alikuwa anaamka kabla ya jogoo." Kisha anaendelea kusonga.

Lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu ataona fundi yule alikuwa na roho mbaya. Fundi alikuwa wa ukoo wa ng'ambo ya mto, na ukoo ule ni watani zetu. Ulianzaje utani huo hakuna anayejua, na anayejidai anajua anatia chumvi. Mtani anaweza kuja kwenye harusi yako akakalia kiti cha bwana harusi. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi, na yeye huyohuyo ndiye anayekuchekesha ukiwa hujafuta machozi. Kukasirika hakuruhusiwi. Anayekasirika anatoa kuku na kuomba radhi. Kwa hiyo mama hakuwa na pa kupeleka hasira yake hata angetaka.

Mimi ni fundi cherehani pale sokoni Vwawa. Siku gari la matangazo lilipopita nilikuwa napachika mkono wa shati la shule, nikaupachika ndani nje kwa sababu ya kusikiliza. Spika ilikuwa inasema boma la zamani litakarabatiwa liwe nyumba ya kumbukumbu ya mkoa, na wananchi wote wanakaribishwa kutoa maoni kuhusu mchoro wa ukumbi wa mbele: ubaki, ufutwe, au ufunikwe. Wauza nyanya walianza kubishana palepale. Nikafunika cherehani nikaenda kwa mama.

Nilimkuta barazani anachambua maharage, habari ameshazipata. Alisema atakwenda, na atasema ufutwe. Akaniambia na mimi niende nikamsaidie kusema, maana mimi nina mdomo. Ni kweli ninao, hata wateja wangu wanajua. Lakini nilikubali shingo upande. Mimi yule mzee nilikuwa nampenda. Kila nikiwa na shughuli bomani nilikuwa napita kumtazama, na kila mara nilitoka nimechangamka, kwa sababu katika ukuta mzima yeye peke yake ndiye aliyeonekana amepumzika.

Mjomba akapanda kutoka Tunduma siku moja kabla ya mkutano, amebeba mkate na sukari. Ana duka karibu na mpaka, anawauzia Wazambia mablanketi na mabeseni, na amekaa kule mpaka salamu yake ya kwanza ni mulishani, hata kanisani. Mama akamwambia mpango wake, akitegemea kuungwa mkono. Mjomba akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akatoa simu, akaonyesha picha ya yule mzee aliyelala, akasema huwa anawaonyesha wateja wake, anawaambia huyu ndiye baba yangu. Mama akamwuliza haoni aibu.

"Dada," mjomba akasema, "wewe sura yake unayo kichwani. Mimi nina ukuta tu."

Mama akachukua maharage aliyokwisha kuyachambua akayamwaga tena kwenye ungo, akaanza upya. Nilimwonea huruma mama na nikamwonea huruma mjomba, na niliona wazi kwamba mmoja wao kesho yake atatoka pale bomani ameumia.

Mkutano ulifanyika mle mle ukumbini, mbele ya mchoro. Tulifika sisi watatu. Mjomba akapanda ngazi za mbele, mama akazunguka nyuma, na mimi nikasimama kwenye kona kama mbuzi asiyejua zizi lake, hatimaye nikamfuata mama. Alichagua kiti akakigeuza kidogo, mchoro ukawa mgongoni mwake. Mwendeshaji alikuwa afisa utamaduni, binti mpole aliyehamia kutoka Pwani, ambaye baridi yetu ilikuwa bado haijamzoea. Alivaa sweta mbili na shali juu yake. Alieleza vizuri kabisa kwamba serikali haijaamua lolote, kwamba wengine wanaona mchoro unawadhalilisha wakulima na wengine wanaona ni urithi, na kwamba kila mtu atasikilizwa.

Hapo alifanya kosa la mgeni. Huku kwetu ukimwambia kila mtu atasikilizwa, atasema kila mtu.

Mzee wa kanisa akaanza. Hana tatizo na aliyelala, kulala si dhambi, tatizo lake ni kibuyu, pombe ndani ya nyumba ya serikali. Mtu wa chama cha ushirika akasema kahawa imechorwa imeiva matawi yote kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea Mbozi, na wageni watadanganyika. Mfanyabiashara wa Tunduma akasema mkoa huu sasa ni malori, akauliza malori yako wapi katika mchoro, mbona hata foleni ya mpakani haimo. Akasimama mchimbaji wa kutoka Saza akasema hata dhahabu haimo. Kwa dakika chache ikaonekana hakuna anayetaka mchoro ufutwe, kila mtu anataka aingizwe yeye. Afisa alikuwa anaandika huku akipuliza vidole.

Ndipo akasimama bibi mmoja mfupi, amejifunga vitenge viwili, akasema yeye ni binti wa aliyechora. Nilimjua. Ni mtani wetu mkubwa, kwenye harusi yangu alijilaza mlangoni akakataa niingie mpaka apewe paja la kuku. Nikasikia mama amekaza mgongo.

Bibi akasema kwanza amwombe radhi aliyelala, maana tunapiga kelele. Ukumbi ukacheka. Kisha akasema watu wanabishania mchoro bila kujua ulikotoka, na akaanza kusimulia. Baba yake, yule fundi, alipofiwa na baba yake mzazi, babu yangu alikuja kama mtani kuchimba kaburi. Wenzake walichelewa, mvua ilikuwa imekata njia, akachimba karibu peke yake, na mguu ule mbovu, tangu alfajiri. Alipomaliza, badala ya kutoka, akadai haki ya mtani: akajilaza mle ndani, akasema maiti wenu hana nafasi, nafasi nimechukua mimi, sitoki bila kuku. Wafiwa wakaenda kumkamata kuku. Kuku alikuwa mjanja, akawazungusha kwenye migomba na nyuma ya mabanda. Waliporudi naye, jeneza liko ukingoni, mchungaji amesimama na kitabu wazi, babu yangu anakoroma kaburini.

Hapo watu walishindwa kujizuia. Hata mzee wa kanisa alitoa kitambaa akajifuta macho. Bibi akangoja kelele zitulie, akasema baba yake alicheka siku ile mbele ya kaburi la baba yake mzazi, na kwamba mpaka anakufa alikuwa anasema bila usingizi ule asingeweza kuibeba siku ile. Aliapa atamlipa. Atamlaza mtani wake mahali ambapo kila mtu atamwona. Alipoitwa kuchora boma, akapata pa kumlaza. Kwa hiyo, bibi akamalizia, "mkimfuta huyo mnamfuta mtu aliyechoka kwa kumzika babu yangu."

Hadithi ile mama hakuwahi kuisikia. Watoto hawakupelekwa makaburini enzi hizo, na baba yake hakuishi hadi kumsimulia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka, kichwani nina maneno ya kumsemea, sijui hata ya upande gani. Mama akanivuta sketi nikakaa. Akasimama yeye. Na kabla ya kusema chochote akageuka, akautazama ukuta. Alimtazama baba yake kutoka kwenye mdomo ulio wazi mpaka kwenye mguu ulio peku, na hakuna aliyemharakisha. Mjomba alikuwa ameshika mikono yake miwili kama mtu anayesali.

"Mtani," mama akamwambia yule bibi, "kumbe baba yangu alimtania baba yako, na baba yako akamlipa."

"Ndivyo."

"Halafu baba yangu akafa. Zamu ilikuwa yetu, na hakuna aliyeitumia. Miaka yote hii nyie ndio mnacheka."

Bibi akakubali kwa kichwa. Alikuwa hacheki sasa.

"Basi nilikuja hapa kusema ufutwe. Sisemi tena. Nataka zamu yetu. Baba yako achorwe hapo pembeni ya baba yangu, naye amelala, mdomo wazi zaidi."

Kilichofuata siwezi kukiandika kwa utaratibu, maana utaratibu haukuwapo. Watu walipiga makofi, walipiga meza, mchimbaji wa Saza alipiga mluzi. Yule bibi alicheka mpaka akakaa chini, na aliponyanyuka akasema zamu ni halali, ukoo wake hauwezi kuikataa, na mwanawe mwenyewe, anayechora maandishi kwenye malori kule Tunduma, ndiye atakayemlaza babu yake. Afisa peke yake alikuwa na wasiwasi. Alisema kwa upole kwamba mchoro wa kale hauguswi, hauongezwi, ndiyo sheria, na kwenye karatasi zake kuna mambo matatu tu, kubaki, kufutwa na kufunikwa. Kumtania hakumo.

Mjomba ndiye aliyeona. Kulia kwa mti wa kahawa kulikuwa na kipande cha ukuta mtupu, cheupe, mahali lilipokuwa limesimama kabati la mafaili tangu zamani, mpaka walipoliondoa kwa ajili ya ukarabati. Pale fundi hakuchora kitu. Afisa akasogea, akapima kwa macho, akapapasa chokaa. Akasema atawauliza wakubwa zake, lakini kwa mawazo yake ukuta mtupu si mchoro. Watu wakashangilia kama vile wakubwa wameshajibu. Mzee wa kanisa akakumbusha kuhusu kibuyu. Pakatokea ubishi mfupi, ikaafikiwa kwamba ndani ya kibuyu kuna togwa, na afisa akaandika hivyo kwenye muhtasari wa mkutano. Yamo mpaka leo.

Wakubwa walikubali. Mwana wa bibi alikuja na rangi zake za malori, na mama, ambaye miaka yote alikuwa anakwepa ukuta ule, sasa akawa hakosi pale. Alikuwa anapanda asubuhi na kigoda chake kusimamia kazi, anampelekea fundi viazi na chai, na anamkosoa. Fundi alijaribu kumpendelea babu yake. Kwanza alimchora amesinzia kidogo tu, kwa heshima, mama akakataa. Kisha akamvalisha viatu viwili vya ngozi vinavyong'aa, mama akakataa tena, akasema mtu hawezi kulala chini ya kahawa na viatu vya harusi. Wakakubaliana kimoja kimevuliwa. Nilipokwenda kutazama niliona wazee wawili wamelala kichwa kwa kichwa, midomo wazi, kila mmoja na kiatu kimoja, na rangi za yule mpya zilikuwa kali kidogo kuliko za mwenzake. Kifo cha wengi harusi, nikajisemea, na nikaona kwamba mtu akilala peke yake anaitwa mvivu, wakilala wawili wanaonekana wamemaliza kazi.

Siku ya kufungua nyumba kulikuwa na hotuba ambazo sitazisimulia. Nilimshonea mama gauni jipya la kitenge, kazi yangu bora mwaka ule, na mjomba alikuja na familia nzima kutoka Tunduma. Tulipofika uani, kwa mazoea yangu nikaanza kuelekea kwenye tangi la maji. Mama akaniuliza naenda wapi. Akakunja gauni kidogo, akapanda ngazi zile za mawe katikati kabisa, taratibu kwa sababu ya magoti, akapita kati ya nguzo mbili nene.

Bibi mtani alikuwa ameshatangulia ndani. Alimtazama baba yake aliyelala, akamtazama mama, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kwamba sawa, mmelipa, sasa zamu ni yetu tena na mjiandae. Watu wakacheka. Mama alikwenda mpaka mbele ya ukuta, akachuchumaa kama binti anavyochuchumaa mbele ya baba yake huku kwetu, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu ya salamu. Mjomba akaenda akachuchumaa karibu naye, na dume zima lile na koti lake la Tunduma likaanza kulia.

Mama aliongea kwa Kinyiha, polepole, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia.

"Shikamoo, baba. Sogea kidogo, mwenzako amekuja. Usiamke, ulichimba sana."